Umri wa Bi Kidude: Kuusoma Wasifu wa Mtu Asiye na Cheti cha Kuzaliwa

Makala haya yalianzia matangani. Mwaka 2016 nyanya yetu alifariki hapa Siongiroi, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili katika ukoo, tena mwalimu mgeni aliyekuwa bado na wino wa shahada mkononi, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma mbele ya waombolezaji. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi hadi nilipofika kwenye mstari wa kwanza: "Marehemu alizaliwa mwaka..." Kitambulisho chake kilisema 1910. Baba mkubwa, mwanawe wa kwanza aliye hai, alisema 1898. Hesabu zangu mimi ziligota mwaka 1917 au 1918. Baba mkubwa aliponiona nikikuna kichwa aliniuliza, "Mwalimu, unampunguzia mama miaka?" Sikuwa na jibu la haraka. Swali hilo limenifuata darasani tangu siku ile, na ndilo lililonirudisha kwenye maisha ya mtu ambaye wasomaji wengi wa ukurasa huu wanamfahamu, Bi Kidude wa Zanzibar.

Kabla ya kuvuka bahari, acha nieleze jinsi tulivyofikia tofauti ya miaka ishirini nyumbani kwetu, maana humo ndimo ilimo hoja yangu yote.

Wanawake walipoanza kupewa vitambulisho baada ya Uhuru, nyanya alisimama kwenye foleni kama wenzake. Karani alimtazama usoni, akamuuliza ana watoto wangapi, akaandika mwaka aliouona unafaa. Mwaka huo wa kukisia ndio uliogeuka kuwa ushahidi. Ama mwaka 1898 ulitokana na hadithi. Nyanya alikuwa na masimulizi aliyoyarudia kila tulipoota moto: vile walivyokimbia na ng'ombe usiku wakati wa vita vya Wazungu, vile watoto walivyozibwa midomo wasilie vichakani. Vita hivyo vinajulikana. Mwaka 1905 serikali ya Kiingereza ilituma kikosi kuwaadhibu Wakipsigis wa upande wa Sotik kwa sababu ya mifugo na mateka wa Kimaasai. Watu wengi waliuawa, zaidi ya 1,800 kwa hesabu zinazotajwa mara nyingi, na mifugo kwa maelfu ikatwaliwa. Baba mkubwa alipiga hesabu iliyo wazi: aliyekimbia mwaka 1905 akiwa mtoto mwenye akili lazima awe amezaliwa kabla ya 1900.

Lakini nyanya hakusema "nilikimbia". Alisema "tulikimbia". Nilipomuuliza dada yake mdogo, aliyekuwa hai wakati huo, alicheka akaniambia kwamba aliyezibwa mdomo kichakani ni mama yao. "Sisi" ya nyanya ilikuwa ya ukoo. Yeye mwenyewe alikumbuka mambo mengine kwa macho yake: kupiga debe na wenzake wakifukuza nzige waliovamia Kenya kuanzia mwaka 1928 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kwamba alikuwa ametoka tu jandoni wakati watu wa ukoo wa Talai walipohamishwa kwa nguvu kutoka Kericho kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1934. Msichana wa miaka kumi na miwili hivi wakati wa nzige, wa kumi na sita au saba wakati wa Gwassi. Hesabu inakaa.

Mwanafunzi wa fasihi anafundishwa nafsi tangu kidato cha kwanza, lakini ni nadra tumwambie kwamba nafsi ya kwanza wingi katika masimulizi ya wazee ni chombo cha kuhifadhia historia. Mzee anaposema "tulikimbia", "tulihama", "tulipigana", hadanganyi hata kidogo. Amepokea kumbukumbu ya waliomtangulia akaibeba kama yake, na pengine ndiyo sababu kumbukumbu hiyo haijapotea. Kosa huja pale msikilizaji anapoigeuza "sisi" kuwa "mimi", kisha akatoa mwaka. Naamini umri mwingi wa ajabu tunaousikia Afrika Mashariki, miaka 115, 120, hata 130, umezaliwa kwa njia hii. Mtu mmoja anahesabiwa miaka ya vizazi viwili.

Tumwendee Bi Kidude sasa.

Jina lake ni Fatuma binti Baraka. Kidude ni jina la utani, kitu kidogo, na ingawa sauti yake haikuwa ndogo, mwili wake ulibaki mwembamba hadi uzeeni. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, baba yake akiwa muuza nazi. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kati ya ncha hizo mbili ya mwisho tu ndiyo yenye tarehe. Magazeti yaliyotangaza kifo chake yalimpa umri tofautitofauti, wote ukiwa umepita mia, na mengi yaliukubali mwaka 1910 kuwa wa kuzaliwa kwake kwa kuwa ndio uliokuwa ukitajwa. Hapakuwa na cheti. Watoto wa wauza nazi wa mashamba ya Unguja miaka ile hawakuwa na makarani wa kuwaandika.

Msomaji atauliza: basi tuna nini mkononi? Tuna matukio, kama ya nzige na Gwassi. La kwanza ni sarafu. Zanzibar ilitumia rupia hadi mwaka 1936, shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake. Mzee wa Unguja akisema alizaliwa zama za rupia ametuambia jambo la kweli lakini pana mno, kwani aliyezaliwa 1890 na aliyezaliwa 1935 wote ni wa rupia. Tunahitaji kitu chembamba zaidi, nacho tunakipata kwa Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani, na jina alilopewa mwanzoni ni Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu. Alihamia mjini karibu na mwaka 1911, akajifunza uimbaji na muziki, na kufikia miaka ya 1920 alikuwa anaimba pamoja na wanaume kama Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Effandi. Taarabu ilikuwa imeingia Zanzibar kupitia kasri la Sultani Barghash katika karne ya 19, ikiimbwa kwa Kiarabu, na chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na watu wa tabaka la waungwana. Siti ndiye aliyeifanya iseme Kiswahili cha Ng'ambo, mtaa wa maskini. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay akarekodi santuri, na santuri zile zilisikika kote katika upwa na bara. Alifariki mwaka 1950.

Bi Kidude alisimulia kwamba alijifunza kuimba kwa kumvizia Siti na kumsikiliza, akiwa msichana mdogo. Tukilichukua neno hilo kama tulivyochukua nzige wa nyanya, msichana wa miaka kumi hadi kumi na mitatu anayemvizia mwimbaji ambaye tayari ni mashuhuri lazima awe wa miaka ya 1920. Basi kuzaliwa kwake kunaangukia kati ya mwaka 1908 hivi na 1918. Alipofariki alikuwa na umri wa miaka isiyopungua 94 na isiyozidi 105. Wale waliompa miaka 110 na zaidi wangelazimika kumfanya mwanamke mzima mwenye nyumba yake wakati Siti anang'ara, na hapo kisa chote cha kujibanza na kusikiliza kingevunjika. Kwa hiyo anayeuongeza umri anaubomoa ushahidi wenyewe wa maisha. Huchukui vyote viwili.

Na maisha yenyewe yalikuwa na mambo. Kwa masimulizi yake, aliozwa akiwa na umri wa karibu miaka kumi na mitatu asimtake mume, akatoroka akavuka kwenda bara. Alizunguka Tanganyika akiimba, aghalabu miguu mitupu, akakaa Dar es Salaam ambako aliimba na kikundi cha taarabu chenye mtindo wa Kimisri. Aliolewa mara ya pili, akaondoka tena. Miaka ya 1940 alirudi Unguja akakaa katika nyumba ya udongo, akajitegemea kwa kuuza wanja na hina na kwa kuchezesha unyago. Mwanamke aliyekimbia ndoa mbili, anayevuta sigara na kunywa pombe hadharani katika mji wa Waislamu, ndiye huyohuyo waliyemwita kina mama kuwafunda mabinti zao ndoa. Hapa ndipo ningependa mtahiniwa akae kidogo. Tumezoea kuandika kwamba mhusika "ni mkinzani wa jamii" au "ni mhifadhi wa mila", kana kwamba ni visanduku viwili. Bi Kidude alikuwa yote mawili kwa mkono uleule mmoja uliopiga ngoma ya msondo, ngoma ndefu aliyoifunga kiunoni akaipiga akiwa wima.

Miaka ya 1980 alianza kusafiri nje ya Afrika Mashariki akiimba pamoja na kundi la Mohamed Ilyas la Twinkling Stars, na baadaye na Culture Musical Club. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza Zanzibar mwaka 2004 alikuwa tayari ni bibi wa kila mtu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ambayo ni tuzo ya wadau wa muziki wa dunia, huko Uingereza. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya Andy Jones iitwayo As Old as My Tongue, na jina lake dogo linataja visasili na maisha kwa pamoja. Mtengenezaji huyo aliona lile ambalo baadhi ya wahakiki wetu hawakuliona: kwamba mtu huyu tayari alikuwa ameingia katika kisasili akiwa bado anavuta sigara barazani.

Nina maoni yangu kuhusu umri huo na majukwaa ya ng'ambo, nayo si ya upole. Hadhira iliambiwa inakuja kumwona mwimbaji mkongwe kuliko wote duniani. Namba ikawa tiketi. Kadiri namba ilivyopanda ndivyo muziki ulivyorudi nyuma, hata makala nyingi zilizoandikwa juu yake huanza na umri, zikaja kwenye sigara, na kumalizia na miguu mitupu. Namna alivyoivuta silabi, namna alivyoutoa unyago kwenye ua wa wanawake akauleta jukwaani mbele ya wanaume na wageni, jambo ambalo kwa desturi halikubaliki, hayo yalipewa aya moja. Mwimbaji wa miaka 95 ana haki ya kusikilizwa kama mwimbaji.

Sasa turudi kwenye "sisi". Miongoni mwa nyimbo alizoziimba hadi uzeeni ni "Kijiti", wimbo wa Siti. Unahusu mauaji ya mwanamke yaliyotokea Zanzibar zama za Siti, ambapo mtuhumiwa alitorokea bara huku wanawake waliokuwa pamoja na marehemu wakaishia kuadhibiwa. Ni shutuma kwa mahakama za kikoloni, na Siti aliutunga kwa watu waliowajua wahusika. Bi Kidude alipouimba miaka sabini baadaye aliuimba kama mtu aliyekuwepo. Msikilizaji wa Ulaya hakuwa na njia ya kutenganisha shahidi na mrithi wa ushahidi. Nyanya yangu na vita vya 1905, Bi Kidude na Kijiti: ni fani ileile. Tofauti ni kwamba wimbo una santuri na mtunzi anayejulikana, hivyo tunaweza kuona mahali kumbukumbu ya mmoja inapoishia na ya mwingine inapoanza. Masimulizi ya kuota moto hayana santuri.

Mtahiniwa wa karatasi ya tatu, 102/3, anazijua tanzu zinazohusika hapa. Tarihi huorodhesha matukio kwa kufuata wakati. Mapisi husimulia matukio ya kweli ya kihistoria. Kumbukumbu hueleza aliyoyapitia msimulizi. Mighani humkuza shujaa kupita kimo cha binadamu. Vitabu vyetu vya kiada huzitenga kama vyumba vya bweni, kila mmoja na mlango wake. Katika kinywa cha mzee halisi tanzu hizi zinalala kitanda kimoja. Bi Kidude akieleza utoro wake ni kumbukumbu, akimtaja Siti ni mapisi, na magazeti yakimpa miaka 113 ni mighani, hata kama yamechapishwa kwenye ukurasa wa habari. Sisi ambao tumefundisha Fumo Liyongo kwa miaka mingi tusingepaswa kushtuka. Wataalamu hawajaafikiana hata juu ya karne aliyoishi Liyongo, na hakuna mwanafunzi aliyeacha kumsoma kwa sababu hiyo.

Wako watakaosema kwamba tatizo hili ni la nchi zisizo na karatasi. Sivyo kabisa. Mtu aliyethibitishwa kuishi muda mrefu kuliko wote ni Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1875 na kufariki tarehe 4 Agosti 1997, akiwa na miaka 122 na siku 164. Ana cheti cha kuzaliwa, ana ndoa iliyoandikwa, anaonekana katika hesabu za watu mara kadhaa. Hata hivyo, mwaka 2018 watafiti wa Urusi walidai kwamba binti yake ndiye aliyechukua nafasi ya mama, na Wafaransa wakalazimika kurudi kwenye makabrasha kumtetea. Dai hilo halijakubaliwa na wengi, lakini tazama lilivyojengwa: mama na binti, vizazi viwili katika mtu mmoja. Ni shaka ileile ya kichakani kwetu, ila hapa imevaa karatasi.

Kenya nayo ina Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwezi Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure. Alisema ana miaka 84. Hakuwa na karatasi za kuthibitisha, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009. Sijaona mtu aliyejisumbua kumpunguzia Maruge miaka, na nadhani ni kwa sababu alichokifanya kilikuwa kizito kuliko namba yake. Awe na 84 au 79, alivaa kaptura akakaa na watoto wa miaka sita ili ajisomee Biblia yake mwenyewe.

Siti alipata kalamu ya Shaaban Robert. Wasifu wa Siti Binti Saad unasomwa hadi leo, na mwandishi aliyekuwa amezaliwa mwaka 1909, yaani rika la Bi Kidude kwa hesabu yoyote tutakayoichagua, alijua kwamba mwimbaji wa Ng'ambo anastahili nathari nzuri. Bi Kidude alipata kamera. Kamera ilituachia uso, moshi wa sigara na sauti, vitu ambavyo kalamu isingeweza. Ila kamera haiulizi "sisi gani?" Hilo ni swali la mwandishi wa wasifu, na linaulizwa msimulizi akiwa hai, dada yake mdogo akiwa hai, majirani wakiwa hai. Mimi nilibahatika kumuuliza mmoja tu.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huwa nawapa zoezi hili kila likizo ya Agosti: wamhoji mzee mmoja, wasimuulize umri. Wamuulize alikuwa anafanya nini siku jambo fulani lilipotokea, alikuwa na kimo gani, nani alikuwa amembeba au yeye alikuwa amembeba nani. Kwa wanaume wa huku kwetu kuna pia jina la rika, Chumo, Sawe, Maina, Nyongi na mengineyo, ingawa majina hayo huzunguka na kurudi baada ya zaidi ya miaka mia, kwa hiyo Nyongi wa babu si Nyongi wa babu yake. Kwa wanawake kazi ni ngumu zaidi, na ndiyo sababu nawahimiza waanze na nyanya zao. Wanarudi na mambo. Mmoja aligundua kwamba nyanya yake ni mdogo kwa mwaka mmoja kuliko mwanawe wa kwanza, kwa mujibu wa vitambulisho.

Ama ule wasifu wa mwaka 2016, tulifikia maafikiano ya aina yake. Programu iliyochapishwa iliandika 1898, kama baba mkubwa alivyotaka, na msalaba ukaandikwa vivyo hivyo. Ila aliniruhusu kusoma kwa maneno yangu. Kwa hiyo sikutaja mwaka. Nilisema kwamba mama yake alizibwa mdomo kichakani wakati wa vita vya Wazungu ili apate kuishi amzae, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa msichana wa kupiga debe wakati wa nzige. Kabla sijafika kwenye ndoa yake, bibi mmoja aliyeketi mbele, aliyejifunga leso mbili kwa ajili ya baridi, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu," aliuliza, "nzige gani? Wa kwanza, au wale waliokuja baadaye wakati wa Maumau?" Hema lote likaanza kubishana, na mchungaji akasubiri.